Munane ya Kwetu

Mimi niko mwanamuke wa hasira ya karibu, na ninaisema mwenyewe mbele wengine wanisemee. Iko mwaka ya kumi na tatu ninafundisha klasi ya kwanza hapa Kashebere, na watoto wangu wote wanajua: Madamu akivua viatu na kuviweka pembeni ya tablo ya chaki, siku ile hakuna muchezo. Nilizaliwa Kingi, upande wa Masisi, mu familia ya walimaji wa milima; ndoa njo ilinileta huku Walikale. Nilikuja na godoro moja, diplome yangu, na hii kinywa. Kinywa njo imenisaidia zaidi.

Ninataka kueleza mambo ya tablete za klasi yangu, sababu watu wengi wanaieleza nusu. Wanasema mashine zilikuja Kashebere kufundisha watoto, basi. Ni kweli zilikuja, na ni kweli zilifundisha. Lakini kuna ile nusu ingine, na ile njo inanifanya nitembee kifua mbele mpaka leo.

Zilifika mu kisanduku ya chuma, imefungwa na kamba za mipira nyuma ya pikipiki. Kijana mwenye alizileta alitumwa na mradi moja kutoka Goma, na sisi tulimuita Enjiniya sababu alikuwa na kofia na hakuongea mingi. Matope ilikuwa imemupanda mpaka ku nyusi. Alifungua kisanduku mu biro ya direkta: tablete kumi, kila moja imevaa mupira munene wa rangi ya chungwa, ili mutoto akiiangusha isipasuke. Alieleza kwamba hazitaki intaneti. Hesabu na herufi, yote iko ndani, na kuna ndege mudogo wa kuchorwa. Mutoto akijibu vizuri, ndege anaruka. Akikosea, ndege anainamisha kichwa, na sauti ya mwanamuke inamuomba mutoto mu Kifaransa ajaribu tena.

Kisha akasema neno yenye ilituweka roho mukononi. Tablete zitakaa kwetu miezi tatu tu, kwa kujaribu. Ikiisha, atarudi kupima watoto wa klasi ya kwanza, mumoja mumoja, ndani ya tablete yenyewe. Wakijua hesabu kutoka moja mpaka kumi, kisanduku inabaki Kashebere, na klasi zingine zitaletewa yao. Wakishindwa, anaifunga na kuipeleka ku shule ingine. Direkta aligeuka akaniangalia, sababu klasi ya kwanza ni mimi. Nikamwambia Enjiniya aende salama, na siku atarudi atakuta watoto wanajua. Nilisema vile mbele ya walimu wote, na hakuna muntu aliniomba.

Mu mukutano ya wazazi, mama mumoja alisema mwangaza wa ile kitu utakula macho ya watoto. Papa mumoja akauliza kama mutoto akizoea kusugua kioo na kidole, mukono wake utakubali tena jembe. Niliwajibu kwamba watoto wao wanasugua telefone za nyumbani kila siku wakitafuta muziki, na sijasikia jembe ikilalamika. Watu wakacheka. Direkta akanikanyaga muguu chini ya meza, lakini wazazi wakakubali: nusu saa kwa siku kwa kila kikundi, isipite.

Ilibaki mambo ya umeme. Ku barabara yetu kuna mufanyabiashara mumoja, muntu wa Butembo, mwenye aliweka pano za jua juu ya bati ya butiki yake. Watu wa Butembo wanajua biashara, na tulidhani atatuomba kitu. Alikataa hata kusikia. Alisema tablete za watoto zitasharjiwa kwake bure, zipangwe nyuma ya mifuko ya chumvi. Tena alikuwa mukatoliki wa kweli kweli. Siku ya yenga, siku ya kupumuzika, anafunga butiki, anatia ufunguo mufukoni, anaenda misa, na hata kama Kashebere yote inakosa sabuni, itangojea. Yenga ya kwanza tulisahau hiyo, tukaacha tablete ndani. Siku yenye ilifuata, siku ya masomo, alikuwa bado hajarudi, sababu kutoka misa alipita kusalimia ndugu zake, na mimi nikasimama mbele ya kufuli na watoto arobaini nyuma yangu. Nilimutukana kidogo, kwa heshima. Kutoka pale alikuwa ananiita Madamu wa Vioo, na mimi namuita Papa Kufuli.

Watoto, sasa. Nilidhani watoto wa wenye butiki na wa wenye pikipiki watakuwa mbele, sababu kwao telefone si kitu ya ajabu. Siku ya kwanza walikuwa mbele kweli. Siku ya tatu walikuwa sawa na wengine. Wiki ya pili, mutoto mwenye baba yake analima muhogo nyuma ya kilima, mwenye hakuwahi kushika hata telefone ya kifungo, alikuwa anamuonyesha mutoto wa tajiri namna ya kupunguza sauti. Nilikuwa nimezoea kuuma meno wiki sita mbele herufi ya kwanza iingie, na hapa walikuwa wanagombania kuingia mu klasi. Mara mingi mu miaka yangu niliona klasi ikifungwa sababu watu wanakimbia vita. Kuona watoto wanakimbia kuja, ile ilinipa furaha ya kulia.

Kati yao kulikuwa kabinti ka miaka sita, kembamba, ka macho makubwa, mwenye hasemi mpaka umuulize. Mama yake anauzisha ndizi za kuiva ku barabara, pale kamyo zinapunguza mwendo sababu ya matope, mbele ya kupanda kilima. Mchana, akitoka ku shule, kabinti anamusaidia. Pale ku barabara hakuna kuongea. Kamyo inanguruma, watu wako juu kabisa ya mizigo, upepo unachukua maneno. Wanauliziana kwa vidole: muntu wa juu anaonyesha ndizi ngapi anataka, muuzaji anamuonyesha pia ili wakubaliane, ndizi zinarushwa, kamyo inaenda. Kabinti alikuwa muzuri sana mu ile kazi. Mu klasi vilevile, yeye njo alikuwa anamaliza wa kwanza, halafu anakaa kimya anangojea wenzake. Kusema kweli nilikuwa nimemuweka mu roho yangu kama nguzo ya ile siku ya kupimwa.

Wiki ya kumi na moja tukafika ku somo ya vidole. Tablete inaonyesha mikono mbili zimefungwa. Sauti inataja hesabu, mutoto anagusa vidole ili vifunguke, kisha anagusa duara ya kijani kusema amemaliza. Moja mpaka tano, ndege aliruka bila shida, na klasi ilikuwa na kelele kama soko. Ku sita, ndege akainamisha kichwa. Ku saba, kichwa chini. Ku munane, kichwa chini. Kenda, akaruka! Kumi, akaruka. Na si mutoto mumoja, ilikuwa karibu wote.

Siku ya pili ilikuwa vile, siku ya tatu vile. Mu kila tablete kuna mustari yenye inaonyesha Enjiniya mutoto amefika wapi, na mustari ya watoto wangu ilikuwa imesimama pale pale. Nilivua viatu. Niliwaambia wanabahatisha, wanacheza na ndege tu, wanafurahia kumuona anasikitika. Niliwanyima rekreasyo na muchezo wake, nikawahesabisha kwa mawe, kwa vijiti, kwa mahindi. Kwa mawe walijua sita, walijua saba, walijua munane. Ku tablete, kichwa chini.

Halafu nikafanya kitu yenye ningali naona haya kuandika. Nilimusimamisha kabinti mbele ya wenzake, nikamuambia mimi nilimutegemea yeye, na yeye njo ananiaibisha. Hakulia. Alirudi ku kiti yake, akasukuma tablete pole pole mpaka ikafika kwa mwenzake, na kutoka ile siku hakuishika tena. Akifika kikundi yake, anakaa na mikono chini ya mapaja. Nilijifanya sikuona.

Wiki yenye ilifuata, mchana, nilipeleka tablete kwa Papa Kufuli. Mbili zilikuwa zimebaki kwa direkta. Papa Kufuli alikuwa juu ya ngazi, akipanga makopo, na mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Akanifanyia ishara na kidevu: leo ni ngapi? Niliweka kisanduku chini, nikainua mikono yote mbili. Ine huku, ine huku. Akashuka na nyuzi munane za kusharji.

Mimi nilibaki na mikono juu. Aliniuliza kama kuna muntu ananilenga na bunduki. Nilikuwa naangalia vidole yangu. Hakuna muntu alinifundisha vile mu shule. Nilitoka nayo Kingi. Kwetu sita ni tatu na tatu. Saba ni ine na tatu. Munane ni ine na ine. Kenda njo tano na ine, na kumi ni mikono yote. Mama yangu anahesabu vile, na mama yake alihesabu vile, na huyu muntu wa Butembo juu ya ngazi alinielewa vile, sababu kwao pia iko vile. Mu klasi, nikisema munane, mikono yangu inainuka yenyewe, miaka kumi na tatu, na sijawahi kuiangalia hata mara moja.

Nilichukua tablete moja palepale, juu ya mifuko ya chumvi. Sauti ikaniomba munane. Nikafungua vidole ine na ine. Ndege akaniinamishia kichwa, mimi mwanamuke muzima mwenye diplome. Nikajaribu tena, mukono moja wote, na vidole tatu ya mukono ingine. Akaruka. Kumbe mwenye alitengeneza ile mashine alidhani kila muntu wa dunia anajaza kwanza mukono moja mbele ya kugusa ya pili! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka uso wa kabinti, na kicheko ikakauka.

Papa Kufuli, nilipomueleza, aliona dawa mbio. Alisema niwafundishe watoto kujaza mukono moja, ndege aruke, Enjiniya aandike, kisanduku ibaki, mambo yaishe. Ilikuwa shauri ya muntu wa akili. Zilibaki siku kumi na moja, hakukuwa namna ya kumupata Enjiniya mbele ya ile siku, na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya watu. Nikakubali.

Lakini kwanza nilienda ku barabara. Kwetu mukubwa haombi mutoto musamaha. Anamuongezea mboga ku sahani, na mutoto anaelewa. Mimi sikukuwa na sahani yake. Nilichuchumaa mbele ya beseni ya ndizi, mama yake akiangalia, nikamuambia kabinti nilimuonea, yeye hakukosea, ni mimi nilikosa kuangalia. Mama yake akashikwa na haya kuniona chini vile, akavuta kiti yake anipatie, akasema Madamu anajua, Madamu hawezi kukosea. Nikamuambia Madamu anaweza vizuri sana. Nikaeleza namna tablete inataka. Kabinti akasikiliza yote, akiangalia mikono ya mama yake.

"Madamu," akaniuliza, "munane ya mama iko mubaya?"

"Hapana. Iko muzuri."

"Basi ndege njo hajui."

Mutoto alinifunga kinywa, mimi mwenye kinywa. Nilimuambia tu kwamba siku Enjiniya atakuja, ajaze mukono moja, ili tablete zibaki. Alitikisa kichwa ndiyo. Mu klasi niliwaambia wote vile, na walishika mbio. Mu siku mbili mustari ilitembea. Kila ndege akiruka, nilipiga makofi. Lakini ku roho sikukuwa muzima. Nilijisikia nimewafundisha kuficha mama zao mgeni akifika.

Enjiniya alirudi siku yenye alisema, na matope yake yote. Aliweka meza mu klasi, mimi nikasimama nyuma ya mutoto bila ruhusa ya kusema, na watoto wengine inje, wamejaa ku madirisha. Wa kwanza alipita vizuri. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Mukono moja yote, kisha ya pili, ndege anaruka. Enjiniya alianza kutabasamu. Direkta alipita ku mulango mara tatu bila sababu.

Kabinti akaingia wa kumi na mbili. Moja mpaka tano, sawa. Ku sita, akafungua vidole tatu na tatu. Ndege akainamisha kichwa. Nilikohoa. Ku saba, ine na tatu. Kichwa chini. Nilikohoa tena, mpaka Enjiniya akaniangalia. Ku munane aliweka kidole moja moja, bila haraka, ine huku, ine huku, akagusa duara ya kijani, na akaangalia ndege anasikitika. Enjiniya akaandika. Akasema kwa upole kwamba ni huruma, huyu ameanguka tatu zikifuatana, na akamuuliza kwa nini. Kabinti aligeuka ku kiti. Aliinua macho kwangu.

Niliona kisanduku inafungwa. Niliona pikipiki inaondoka nayo, na wazazi wote wananingojea ku njia. Ningeweza kusema mutoto ameamuka na homa. Neno ilikuwa tayari ku ulimi, haki ya Mungu. Lakini yale macho makubwa hayakutoka juu yangu, na nilikumbuka yeye njo aliniuliza, na mimi njo nilijibu iko muzuri. Nikatoka nyuma ya kiti, nikainua mikono yangu mbele ya uso wa Enjiniya.

"Hii njo munane yangu," nikasema. "Ni ya mama yangu kule Kingi, na ya mama wa huyu mutoto. Kama ni kosa, andika makosa yangu pia."

Enjiniya aliweka chini bike yake ya kuandikia. Hakuwa kijana mubaya, na alikuwa na kitu moja ninaipenda ku muntu: hakuona haya kutojua. Alimugeukia kabinti akamuomba aeleze. Na yeye mwenye hasemi, akasema. Alisema ku barabara, ukiinua mukono moja na vidole tatu ya ingine, watu wa juu ya kamyo hawaoni vizuri, wanadhani ni kumi. Ukiinua ine na ine, wanaona mikono inafanana. Enjiniya akamuonyesha tano na tatu, akamuuliza hii je, si munane?

"Iko munane pia," kabinti akajibu. "Lakini inachelewesha."

Akamuuliza nusu ya munane ni ngapi. Kabinti hakufikiri, alifunga tu mukono moja: ine. Nusu ya sita? Akafunga mukono moja: tatu. Enjiniya akanieleza kwamba somo ya nusu iko mu tablete za mwaka ya pili, na huko inawasumbua watoto sana. Akasimama, akaenda ku dirisha, akawauliza wale wa inje kwa Kiswahili, bila tablete, bila ndege: munionyeshe munane. Madirisha yote yakajaa mikono. Hata wale wenye walikuwa wamepita, wenye nilifundisha kujaza mukono moja, wote, ine na ine, wakicheka. Kazi yangu ya siku kumi na moja ilikuwa imeenda na maji, na sijawahi kufurahi vile.

Mchana tulimupeleka ku barabara. Alisimama pembeni ya beseni ya ndizi saa nzima, akiangalia mama wa kabinti na watu wa juu ya kamyo wanasikilizana kwa vidole. Aliomba ruhusa ya kupiga foto ya mikono ya mama, mikono tu, sita, saba, munane, kenda. Mama akaiosha kwanza na maji ya kopo, kwa uangalifu, kama muntu anaenda kupokea komunyo.

Lakini haikuishia pale. Enjiniya alisema hawezi kuandika kwamba watoto wameshinda, sababu mashine imeandika kabinti ameanguka, na wengine hawajapimwa. Na hawezi kuacha mashine zenye anajua zinadanganya. Alifunga tablete zote kumi mu kisanduku, akarudi nazo Goma. Alisema atajaribu, hakuahidi. Watu wakaona pikipiki inapita na kisanduku, na mangaribi hadisi ilikuwa imezunguka: Madamu alikuwa na tablete mukononi, akazifukuza na vidole ine na ine. Papa mumoja aliniambia hiyo usoni, mbele ya kanisa. Mama mumoja wa komite hakunisalimia mwezi nzima. Direkta alikuwa analala vibaya, na alinipa habari ya usingizi wake kila asubui. Papa Kufuli peke yake alinitania vile vile, na nafasi nyuma ya mifuko ya chumvi hakuweka kitu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema anafagia tu.

Mvua ilinyesha, barabara ikakatika upande wa Masisi, ikatengenezwa, ikakatika tena. Nilifundisha na mawe na mahindi. Mara zingine nilijiuliza kama hasira yangu haikuwanyima watoto arobaini kitu sababu ya mutoto mumoja. Nilimuangalia kabinti. Alikuwa ameanza kuinua mukono mu klasi, anaomba kusema, yeye mwenye alikuwa kimya. Basi nilijipa moyo na hiyo.

Watu wa miji wanapenda kuuliza kesho ya masomo itakuwa namna gani, kama mashine itafundisha watoto wadogo mahali pa mwalimu. Mimi sina jibu kubwa. Ninajua tu kwamba ile mashine, siku iliingia klasi yangu, ilijua Kifaransa, ilijua kuruka na kusikitika, na haikujua namna muntu wa Kashebere anasema munane. Haikuwa kosa yake, hakuna muntu aliiambia. Na mutoto wa miaka sita aliona hiyo wa kwanza, mbele yangu, akasimama imara mahali mimi nilikuwa nimekubali kuinama.

Kisanduku ilirudi siku ya soko. Pikipiki ilikuwa ingine, mwenye kuileta alikuwa mwingine, lakini kulikuwa na barua ya Enjiniya ya mistari michache. Aliandika tablete zitabaki, kumi hizi, na zingine ishirini zitafuata. Aliandika kwamba sasa mashine inakubali munane za namna zote, na kwamba zile za shule za Kingi na Ntoto zitakuwa vilevile. Tena aliandika nifungue ku somo ya vidole, niangalie mwenyewe. Nikafungua. Zile mikono za kuchorwa, nyeupe laini kama za mwanasesere, hazikuwa tena. Ilikuwa foto. Mikono za kweli, nyeusi, na mikunjo ya jembe, na kucha fupi.

Sikungojea darasa iishe. Nilituma watoto wawili wamuite mama wa kabinti ku barabara, na yeye akakuja mbio, akidhani mutoto amegonjwa. Hakuwahi kukaa mu klasi hata siku moja mu maisha yake. Alisimama ku mulango, akavua viatu. Nilimuingiza, nikamukalisha ku kiti ya mutoto wake, nikaweka tablete mbele yake. Watoto wakamuzunguka. Aliangalia kioo muda murefu. Aligeuza mikono yake, akaiangalia, akaangalia kioo tena.

Sauti ikaomba munane. Kabinti akamunong'oneza mama yake. Na yeye, akiogopa kuvunja kitu, akagusa kidole moja moja, ine huku, ine huku, na duara ya kijani. Ndege akaruka. Klasi ikapiga kelele mpaka direkta akatoka mu biro.

Mama aliningojea mpaka kelele itulie.

"Madamu, nani aliifundisha?"

"Wewe, mama."

Aliomba niseme tena. Nikasema tena, kwa sauti ya kufika mpaka ku barabara.